Umemwita Nani Futari?



Ndugu msomaji, kila Ramadhani tunasikia tangazo lile lile baada ya sala: "Jumamosi kuna futari, wote mnakaribishwa." Na kila Ramadhani wanakuja wale wale. Je, kusema "wote" ndio kumwalika mtu? Hebu tuangalie historia kidogo, kwani kualikana kuna historia yake, katika dini yetu na hapa kwetu Kitui.

Mwaka wa 5 Hijria (627), Waislamu wa Madina walikuwa wakichimba handaki kujikinga na maadui, na njaa imewabana. Jabir bin Abdillah (R.A.) aliiona njaa kwenye uso wa Mtume (S.A.W.). Akaenda nyumbani, akakuta shayiri kidogo na mbuzi mdogo. Akachinja, mkewe akasaga, na akamsihi asimwaibishe kwa kuleta watu wengi. Basi Jabir akamnong'oneza Mtume: njoo wewe na watu wachache tu. Mtume akawaita watu wote wa handaki, wapatao 1,000! Wakala wakashiba, na chakula kikabaki.

Sisi tunakumbuka muujiza, nao ni haki kukumbukwa. Lakini tazama na adabu iliyomo. Jabir alikwenda mwenyewe, na hakuficha kwamba alichonacho ni kidogo. Mtume naye aliwaita kama watu wa handaki, yaani aliwataja kwa kazi waliyokuwa wakiifanya pamoja, kisha akawagawia mkate na nyama kwa mkono wake. Hakuna aliyekuja pale akajiona mgeni.

Mkamba hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa sababu ana mwethya. Tangu zamani mwenye shamba la kulima au nyumba ya kujenga aliwaita jamaa na majirani, wakafanya kazi, naye akawapikia. Kwa mwethya huo huo, karne ya 20, watu wa Ukambani walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ukiitwa kwenye mwethya unajua wanahitaji mikono yako. Na usipoitwa, ukasikia wenzako wanaimba shambani kwa jirani, hulali vizuri siku hiyo.

Sasa twende pwani, Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 aliishi pale mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935. Wakati huo mji uligawanyika: waungwana upande wao, watumwa na wazao wao upande wao, na elimu ya dini ilikuwa zaidi ya wale wa juu. Yeye aliwafungulia darasa watu wa chini, akawasomesha, akakaa nao. Baadhi ya wakubwa hawakufurahi. Lakini msikiti wa Riyadha alioujenga Langoni ulikuwa umesimama kabla utumwa haujafutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Mjadala wa maulidi tuwaachie masheikh. Sisi tuchukue hili moja: yule ambaye hakuna aliyemwita, yeye alimwita, na akampa nafasi ya kusoma. Mpaka leo Riyadha inapokea watu kutoka Afrika Mashariki nzima.

Mtume (S.A.W.) alikwisha kuikemea karamu wanayoitwa matajiri, maskini wakaachwa. Sasa jiulize: hapa Tulia, ni nani anayeachwa?

Kuna kijana aliyesilimu juzi. Kwao hakuna anayefunga. Magharibi ikiingia anafungua kwa maji peke yake, kisha anangoja chakula cha saa mbili. Tangazo la "wote" halimfikii, maana hana hakika kama yeye ni katika hao wote. Tukimwacha hivyo siku thelathini, tusishangae Shawwal tusipomwona msikitini. Kuna mama mjane ambaye anaona haya kuja mikono mitupu. Na kuna jirani Mkristo anayesikia adhana kila siku, wala hajawahi kuona sahani yetu.

Basi, ndugu yangu, ujumbe mmoja wa simu kwa watu mia hautoshi. Nenda kwa mtu, mtaje kwa jina lake. Mwambie kuna nini: tende, uji, muthokoi. Usiahidi pilau kama hakuna. Mwambie atakaa na nani, ili asifike akasimama mlangoni akitafuta uso anaoujua. Mpe na kazi ndogo anayoiweza: kijana achote maji ya kutawadha, mama atuonyeshe muthokoi wake unavyopikwa. Jirani mweleze mapema kwamba tutasali kwanza kisha tutakula, asije akakaa akijiuliza amekosea wapi. Na akisema hawezi kuja, mpelekee sahani.

Ukiweza mmoja tu kabla ya Idd, inatosha kuanzia. Lakini awe ni yule ambaye asingekuja kwa tangazo.

Allah atukubalie funga zetu na azikutanishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.