Saruji Ilivyoingia Mji Mkongwe

Ukitaka kujua ukuta wa Mji Mkongwe unaumwa wapi, ugonge kwa kifundo cha kidole. Lipu ya chokaa iliyoshika hujibu kwa sauti nzito na fupi. Saruji iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu. Mimi ni fundi wa kuta hapa Unguja, na siku hizi nasikia debe zaidi.

Ujenzi wa mawe na chokaa ni wa kale pwani hii. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya mwaka 1107. Nyumba za Mji Mkongwe ni changa kwa hesabu hiyo. Nyingi zilijengwa karne ya 19, Sultani Sayyid Said alipokwisha kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Kuta za nyumba hizo zina unene wa nusu mita na zaidi, lakini si jiwe tupu. Ukizipasua utakuta matumbawe, vijiwe, udongo mwekundu na chokaa. Ukuta wa namna hii hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, kisha huyatoa nje polepole kupitia lipu. Lipu ndiyo iliyokubali kuliwa na chumvi na masika. Ikichoka inabanduliwa, inapigwa nyingine, jiwe linabaki salama.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Tanuu lake halikuwa jengo. Magogo yalipangwa duara, katikati likaachwa tundu, juu yakarundikwa matumbawe, na moto ukatiwa kupitia lile tundu. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe hugeuka. Ukilimwagia maji linatokota na kuvunjika kuwa unga. Unga huo haukupelekwa ukutani siku ile ile. Ulilowekwa shimoni miezi kadhaa, na ukifukuliwa mapema vipunje vibichi hufura ndani ya lipu na kuitoboa vidonda. Kungoja huko ndiko kulikoiponza chokaa.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, lakini kwetu ilikuwa bidhaa ya meli mpaka kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilipoanza uzalishaji mwaka 1954. Wazo Hill, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Kinachonichekesha ni kwamba mawe yanayochomwa Bamburi nayo ni matumbawe, ya zama za kale, yaliyoachwa nchi kavu na bahari. Yanachanganywa na udongo na kupata moto wa nyuzi 1,450 hivi, na tabia inabadilika kabisa.

Mfuko wa saruji ulikuwa rahisi kupatikana, na kesho yake asubuhi ukuta umekauka. Halafu yakaja Mapinduzi ya 1964. Nyumba nyingi zikawa mali ya serikali, ndani wakaishi wapangaji, familia kadhaa chini ya paa moja. Nani atoe fedha ya kupaka chokaa nyumba isiyo yake? Penye ufa palizibwa kwa saruji, na siwalaumu.

Madhara yake hayaonekani upesi. Saruji huuziba ukuta, maji yakatafuta njia nyingine: yanapanda juu, yanatokea chumbani, niru ya ndani inapukutika. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza gizani. Bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, humu humu mjini, aliniita nimpigie saruji upya pale ilipodondoka.

"Fundi mwanangu, nina wajukuu wa kusomesha. Siwezi kukuita kila masika."

"Bi mkubwa, ngoja kwanza."

Nikachukua msumari wa inchi nne, nikausukuma kwa kidole gumba kwenye kichwa cha boriti. Ukazama wote. Bibi akaushika ule msumari, akaunusa, akaniuliza bei ya chokaa.

Kuibandua saruji ni kazi ya patasi na subira, maana huondoka na jiwe. Kisha ukuta unaachwa uchi ukauke, mashimo yanatomewa vijiwe, na chokaa inapigwa tabaka kwa tabaka juu ya ukuta uliorowanishwa, ikifunikwa magunia mabichi ili jua lisiipasue. Tangu mji uingie orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, maneno ya chokaa yamekuwa mengi mikutanoni. Ningefurahi zaidi kuona mashimo ya kuilowekea.

Bibi alikubali kungoja. Tulichobishania mpaka alasiri ni rangi. Yeye alitaka ya plastiki ya dukani, nami najua kwamba nayo huziba ukuta. Chokaa nyeupe akaikataa, akisema wajukuu wataichafua kabla ya Idi. Mwisho tukatia udongo mwekundu kidogo ndani ya ndoo.