Ukomo wa Seli za Mishipa ya Damu

Kila mshipa wa damu umetandikwa kwa ndani safu moja nyembamba ya seli, iitwayo endothelia. Safu hiyo ikichubuka, seli za jirani hugawanyika na kuziba pengo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uwezo huo hauna mwisho.

Dhana hiyo ilipata nguvu kwa Alexis Carrel, mpasuaji Mfaransa aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa ufundi wa kushona mishipa ya damu. Mwaka huohuo, jijini New York, alianza kukuza seli za moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa. Zilitunzwa hadi 1946, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Wengine walijaribu kurudia kazi hiyo wakashindwa, lakini kwa heshima ya jina lake kila aliyeshindwa alijilaumu mwenyewe. Sayansi ilipoteza miaka mingi kwa heshima hiyo.

Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma zikiwa bado hai. Walitumia seli za tishu unganishi. Zamu ya mishipa ilikuja 1973, Eric Jaffe na wenzake walipofaulu kukuza endothelia kutoka kwenye kitovu cha watoto waliozaliwa, kitu ambacho hospitalini kilikuwa kikitupwa. Waliingiza kimeng'enya ndani ya mshipa, seli zikabanduka, wakazikusanya. Hata hizo, changa kiasi hicho, zilifika ukomo wake.

Sababu ilikuwa imebashiriwa mwaka 1971 na Alexey Olovnikov wa Moscow: ncha za kromosomu, yaani telomia, hupungua kila seli inapogawanyika. Mwaka 1995 Edwin Chang na Calvin Harley walipima telomia za endothelia ya watu wa umri mbalimbali. Zilipungua kadiri umri ulivyopanda, na zaidi katika ateri za nyonga, zinazopigwa na msukumo mkali wa damu, kuliko katika vena za hapohapo. Seli zinazochubuliwa mara nyingi hulazimika kugawanyika mara nyingi, hivyo huzeeka mapema.

Mwaka 2002 watafiti wa Japani walikuta seli zilizozeeka namna hiyo katika ateri za moyo zenye mafuta yaliyoganda. Katika ateri za kifuani, ambamo mafuta huganda kwa nadra, hawakuziona.