UZI: Kiwanda ni chetu, lakini malighafi ni ya nani?

1/ Mjadala wa uchumi ukipamba moto hapa Kenya, lazima mtu aseme: "Tujenge kiwanda chetu, tuache kutegemea nje." Watu wanapiga makofi, mada imefungwa. Hebu tuipime hoja hiyo na historia ya baruti ya Marekani. Twende.

2/ Baruti nyeusi ni makaa, salfa na shura. Shura ndiyo sehemu kubwa. Karne ya 19, shura nzuri ilitoka India, hasa Bihar, na India ilikuwa mikononi mwa Uingereza.

3/ Marekani haikukosa viwanda. Familia ya du Pont ilianzisha kiwanda chake cha baruti kando ya mto Brandywine, Delaware, mwaka 1802. Mashine zao, maji yao. Shura ya mwenyewe.

4/ Kulikuwa na shura nyingine, ya sodiamu, kwenye jangwa la Peru. Rahisi kwa bei, ila inanyonya unyevu hewani na kuharibu baruti. 1857 Lammot du Pont akasajili uvumbuzi wake: baruti ya shura hiyo, chembe zake zikasuguliwa na grafiti, yale madini meusi ya penseli, mpaka zing'ae na kupata ngozi ya kuzuia unyevu.

5/ Migodi ya makaa ya mawe ikaipenda. Jeshi je? Bado lilitaka shura ya India. Kwa hiyo pale penye vita, utegemezi ulibaki palepale.

6/ 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Serikali ya Kaskazini ikamtuma Lammot huyohuyo London kununua shura. Wakati huohuo, Novemba 8, manowari ya Kaskazini ikasimamisha meli ya Waingereza, Trent, na kuwatoa wajumbe wawili wa Kusini. London ikawaka. Shura ikapigwa marufuku kutoka.

7/ Sasa fikiria: mzigo umeshanunuliwa, kiwanda kinasubiri, na hautoki. Mwisho wa Desemba Washington ikakubali kuwaachilia wale wajumbe. Januari 1862 shura ikaruhusiwa. Ndio, hofu ya kupigana na Uingereza ilikuwa kubwa zaidi. Lakini ni vigumu kujadiliana kwa kifua mbele wakati ghala lako linashikiliwa na unayebishana naye.

8/ Na shura ya Peru? 1879 vita vikazuka kati ya Chile na majirani zake Peru na Bolivia, na shura ilikuwa kwenye kiini cha ugomvi. Chile ikashinda, ikachukua jangwa la Tarapacá. Mwenye ufunguo alibadilika bila mnunuzi kuulizwa.

9/ Grafiti ilifungua mlango wa pili. Hiyo ni faida ya kweli, maana milango miwili inashinda mmoja. Ila kuiita kujitegemea ni kujidanganya.

10/ Shura hiyohiyo ilikuwa mbolea pia, kwa hivyo hii hadithi inatugusa. Mtu akikuahidi kiwanda cha mbolea, muulize: Malighafi itatoka wapi? Wauzaji ni wangapi? Wakifunga bandari zao, akiba yetu inatosha misimu mingapi?

Akiwa na majibu, msikilize hata kama si wa upande wako. Akikujibu kwa slogani, basi umejua.