Nimefunga, niletee kahawa

Haldon Street, Lakemba, saa nne asubuhi. Mwenzangu wa Mombasa ameagiza kahawa nyeusi, haina sukari wala maziwa. Nikamsogezea sahani ya keki. "Ahsante bwana, nimefunga," akasema, akapiga funda. Usiku wa Ramadhani mtaa huu wa Sydney hujaa moshi wa makaa na baga za nyama ya ngamia, lakini siku ile Ramadhani ilikuwa mbali.

Kumbe anapunguza uzito: saa 16 hali kitu, chakula chote ndani ya saa 8. Wengine hufuata ile 5:2 aliyoivumisha Michael Mosley wa BBC mwaka 2012, siku mbili kwa wiki za kula robo tu ya kawaida.

Mwili ni wake. Mimi nagombania neno. Kufunga ni kufunga kinywa, maji yenyewe hayapiti. Waswahili tumelipa tendo hili uzito hata miezi ikahesabiwa kwalo: Shawwali ni Mfunguo Mosi, twende hivyo hadi Mfunguo Tisa. Kuna na daku, kuna na futari. Basi huyu tumwambieje? Kushinda njaa kunanuka ufukara, na kujinyima ni kwa mwenye kuweka akiba. Mimi ningesema anakula kwa saa.

Ilipofika saa sita akaagiza mkate wa parachichi na mayai mawili.

"Nafuturu," akasema.

Hapo nikamkatalia.