Oksitosini

Oksitosini ni homoni inayokaza misuli ya mji wa mimba wakati wa kujifungua na kusukuma maziwa wakati wa kunyonyesha. Hutengenezwa na seli za neva za haipothalamasi, kisha hushuka hadi sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, ambako huhifadhiwa. Molekuli yake ina asidi amino 9 tu. Ndugu yake, vasopresini, inayozuia mwili kupoteza maji, inatofautiana nayo kwa asidi amino 2.

Ugunduzi

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba dondoo ya pituitari ya ng'ombe hukaza mji wa mimba wa paka. Mwanakemia Mmarekani Vincent du Vigneaud alibaini mpangilio wa asidi amino zake mwaka 1953, akaiunda maabarani, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kazi hiyo adhimu ndiyo iliyofungua njia ya kuipata bila kutegemea tezi za mifugo.

Kujifungua

Mimba inapokaribia kutimia, estrojeni huongeza vipokezi vya oksitosini kwenye misuli ya mji wa mimba, hivyo kiasi ambacho miezi ya mwanzo kisingefanya kitu sasa huleta uchungu. Kichwa cha mtoto kikibana mlango wa kizazi, neva hupeleka habari ubongoni, oksitosini humwagwa zaidi, misuli hukaza zaidi na kichwa huzidi kubana. Mzunguko huo hukatika mtoto anapotoka.

Hata hivyo, saa ya hatari kubwa kwa mama huja baada ya hapo. Kondo la nyuma likishabanduka, mishipa ya damu hubaki wazi. Nyuzi za misuli zimeizunguka mishipa hiyo, na zikikaza huibana. Mkunga hupapasa tumbo: mji wa mimba uliokaza huwa mgumu na wa mviringo karibu na kitovu, na uliolegea huwa laini kama unga uliokandwa. Ukibaki hivyo, mama anaweza kuvuja damu na kufariki katika muda wa saa chache.

Matumizi kama dawa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi apewe uniti 10 za oksitosini mara mtoto anapozaliwa ili kuzuia damu hiyo, kwa sindano ya msuli au ya mshipa. Udhaifu wake mkubwa ni joto. Inatakiwa kutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na zahanati ambayo friji yake inategemea umeme wa kukatikakatika inaweza kumchoma mama dawa iliyokwisha nguvu bila mtu kujua, kwa kuwa kwa macho haibadiliki. Ndiyo sababu karbetosini, dawa ya kazi hiyo hiyo isiyoharibiwa na joto, ilipokelewa kwa matumaini. Matokeo ya majaribio yake kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, yalitolewa mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo.

Oksitosini hutumika pia kuanzisha au kuongeza uchungu, kwa dripu ya polepole na chini ya uangalizi wa karibu. Ikizidishwa, mtoto hukosa oksijeni na mji wa mimba unaweza kupasuka. Kumchoma mama sindano ya msuli ili kuharakisha uchungu kabla mtoto hajatoka ni kitendo cha hatari kubwa.

Kunyonyesha

Prolaktini hutengeneza maziwa, oksitosini huyatoa. Mtoto anaponyonya, vijimisuli vinavyozunguka vifuko vya maziwa hukaza. Mama mwingine maziwa humtoka kwa kusikia tu mtoto akilia. Hofu na maumivu huyazuia. Siku za mwanzo mama husikia pia tumbo likimkaza anaponyonyesha, dalili njema kwamba mji wa mimba unarudi katika hali yake.

Kwa wanaume

Wanaume nao wana oksitosini, na huongezeka wakati wa kumwaga manii.