Theluji Nayo Ina Saa Zake: Hatari ya Maporomoko Milimani

Mvuvi wetu hatoki kabla ya kujua maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Milima yenye theluji nayo ina saa zake, hasa Machi hadi Mei, majira ya kuchipua huko Ulaya na Marekani. Tuna jamaa wengi nchi hizo, na kijana akialikwa kupanda mlima na skii nje ya viwanja rasmi, ambako hakuna anayekagua miteremko, ni vyema ajue mambo haya.

Kwanza, jua. Usiku wa mbingu safi, theluji iliyoyeyuka mchana huganda ikawa ngumu kama sakafu. Jua likichomoza hulainika: miteremko inayoelekea mashariki huanza, kisha ya kusini, mwisho ya magharibi. Maji yakipenya ndani, chembe za theluji huachana na mteremko huweza kushuka wote. Wajuzi huondoka alfajiri, na kabla ya adhuhuri wameshateremka. Mguu ukizama hadi gotini, au mipira ya theluji ikibingirika yenyewe, rudi. Usiku ukiwa na mawingu, theluji haigandi vizuri, afadhali usiende.

Pili, tabaka dhaifu lililofichika. Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, jimbo la Colorado, watu 6 walikuwa wakipita chini ya mteremko wa Sheep Creek. Hatari waliijua, na walikuwa wakielekea mahali walipoona ni salama zaidi. Theluji iliwaporomokea wote. 5 walikufa, 1 akaokolewa. Tabaka lililovunjika lilikuwa karibu na ardhi, la tangu mwanzo wa majira ya baridi. Uzito wa watu walio chini unaweza kulivunja, ufa ukapanda hadi juu. Kwa hiyo kutopanda mteremko hakutoshi. Usipite hata chini yake.

Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Nchi hizo hutoa taarifa ya hatari kwa daraja 1 hadi 5. Daraja la 3 huonekana la katikati tu, lakini siku zake ndizo zenye vifo vingi, kwa kuwa watu bado hutoka.

Kila mtu abebe kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kudungia theluji, na beleshi. Sehemu ya hatari ivukwe mmoja mmoja, wengine wakitazama. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kuishi dakika 10 hadi 15 za mwanzo. Baada ya hapo hupungua haraka. Waokoaji wa helikopta mara nyingi hawawahi. Anayeweza kukuokoa ni mwenzako aliye karibu, kama naye hakufukiwa.