Pikipiki ni ya nani kabla ya rejesho la mwisho?

Hukumu inayoeleza vizuri kuliko zote pikipiki ya mkopo ni ya nani haihusu pikipiki. Inahusu piano. Mwingereza mmoja, Brewster, alichukua piano kwa muuzaji aitwaye Helby na kukubali kulipa shilingi kumi na peni sita kila mwezi kwa miezi 36. Akimaliza, piano ni yake. Akichoka njiani, aruhusiwe kuirudisha. Badala ya kumaliza au kuirudisha, akaiweka rehani kwa bwana Matthews na kuchukua fedha. Helby akaenda mahakamani kudai mali yake, na mwaka 1895 shauri likafika Baraza la Malodi mjini London. Majaji wakaamua kwamba Brewster hakuwa amekubali kununua chochote. Alikuwa amekodi tu, akiwa na hiari ya kununua baadaye. Kwa hiyo piano ilikuwa ya Helby tangu siku ya kwanza, na ingeendelea kuwa yake mpaka senti ya mwisho ilipwe.

Kwa wauza bidhaa Uingereza ilikuwa neema. Mtu anaweza kukaa na mali nyumbani kwake, akaitumia, akaigharimia, akalipa miaka miwili na nusu, na bado isiwe yake. Cherehani, samani, redio na baadaye pikipiki ziliuzwa kwa mtindo huohuo. Mnunuzi aliyekuwa amelipa karibu bei yote alikosa awamu moja, kampuni ikatuma watu wakachukua kitu chake, kikauzwa upya kwa mwingine. Kampuni mbovu zaidi ziligundua kwamba mteja anayeshindwa karibu na mwisho ana faida kuliko anayemaliza, na zikafanya biashara ya kumsubiri ashindwe.

Aliyekomesha mchezo huo ni Ellen Wilkinson, mbunge wa chama cha Labour kutoka Jarrow, mji uliokuwa umetoa wanaume kuandamana hadi London mwaka 1936 kudai kazi. Mwaka 1938 alipitisha muswada binafsi uliosema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi moja ya bei, mali haichukuliwi tena mpaka mahakama iseme. Kinga hiyo ilikuwa na ukomo: kwa vyombo vya moto iliishia kwenye bei ya pauni 50. Gari jipya la bei nafuu kabisa enzi hizo, Ford la pauni 100, lilibaki nje. Mwenye gari aliachwa ajitetee mwenyewe. Aliyelindwa ni yule wa chini yake.

Hapa ndipo historia yetu inapoachana na yao, na sababu ni tarehe tu. Serikali ya kikoloni ilipoleta sheria za Kiingereza Afrika Mashariki, ilizichukua kama zilivyokuwa siku fulani: kwa Kenya Agosti 12, 1897, kwa Tanganyika Julai 22, 1920. Hukumu ya piano ya mwaka 1895 iliwahi meli. Sheria ya Wilkinson ya mwaka 1938 ilichelewa. Tukarithi nusu inayomlinda muuzaji, na nusu inayomlinda mnunuzi ikabaki Uingereza.

Sijui kama kuna aliyelalamika, maana Mwafrika wa Tanganyika hakuwa na njia nyepesi ya kukopa hata baiskeli. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji iliweka masharti yaliyomfanya asiye mwenyeji ashindwe kudai deni mahakamani bila mkataba wa maandishi ulioidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kuwalinda wenyeji dhidi ya madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka mwenye akili aliuza taslimu, au aliuza mali kauli kwa mtu anayemfahamu, akijua kwamba likitokea la kutokea ameula wa chuya. Pikipiki zilikuwa za walowezi, wamisionari na maofisa. Baada ya uhuru zikawa za bwana shamba na bwana afya, tena mali ya ofisi.

Kenya ilitunga sheria yake ya ununuzi kwa awamu mwaka 1968, na Tanzania nayo ilipata ya kwake katika miaka ya 1960. Ya Kenya inavutia kwa namba moja. Wabunge wa Nairobi walichukua wazo la Wilkinson la kinga ya mahakama, lakini wakalisogeza mbali: mnunuzi analindwa akishalipa theluthi mbili, si theluthi moja. Kwa pikipiki inayolipiwa miezi 18, tofauti hiyo ni miezi sita ya kuendesha ukiwa huna pa kushika.

Kwa miongo minne karibu yote hayo yalikuwa mambo ya mawakili. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India: Toyo, SanLG, baadaye Boxer na TVS. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Tanzania ilizitambua rasmi pikipiki za kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010, chini ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo. Vijana waliokuwa wakisubiri kazi walipata kazi wasiyoombea barua. Walichokosa ni pikipiki yenyewe, na benki haikuwa na la kuwaambia: hawana hati ya nyumba, hawana mshahara, wana leseni na mikono.

Kijiwe kikajibu chenyewe, na jibu hilo ndilo sehemu ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika habari hii. Linaitwa mkataba. Mwalimu, muuguzi, askari au mama mwenye duka la vipodozi ananunua pikipiki mpya na kumkabidhi dereva. Dereva analeta hesabu kila siku, anagharimia petroli na oili, na muda waliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yake. Chukua mfano: pikipiki ya milioni 2.8, hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, wiki 60. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, atapokea milioni 3.6. Karatasi inaandikwa kwa mkono, zinabandikwa picha mbili za pasipoti, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri, na kadi ya pikipiki inabaki kwa tajiri ikiwa na jina la tajiri. Ni mkataba wa Helby na Brewster, umetungwa upya Mbagala na watu wasiowahi kumsikia hata mmoja wao.

Hata ugonjwa wake ni uleule. Ulizia kijiwe chochote Dar es Salaam utasimuliwa habari ya dereva aliyebakiza mwezi mmoja na nusu, tajiri akaanza kuona makosa ambayo hakuyaona mwaka mzima: hesabu inachelewa, taa imevunjika, pikipiki imeonekana Kibaha usiku. Pikipiki ikachukuliwa na kupewa mwingine kwa mkataba mpya. Upande wa pili nao una visa vyake, vya dereva aliyevuka nayo mkoa na kuzima simu, au aliyemweka deiwaka juu ya pikipiki huku yeye amelala. Ila tajiri wa mtaani ana sifa ambayo haiandikwi kwenye karatasi: anaombeka. “Bosi, leo mvua imenyesha tangu alfajiri,” na bosi, ambaye naye ameiona mvua, anasema lete kesho mbili.

Kampuni zilipoingia hazikubuni biashara mpya. Zilikuta mkataba unafanya kazi, zikauchukua. Tugende ilianza Uganda mwaka 2012. Watu Credit ilianza Mombasa mwaka 2015 na kusambaa hadi Tanzania na nchi nyingine. Mogo, ya kundi lenye asili ya Latvia, ikafuata Kenya. Kilichoziwezesha ni simu. Kabla ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, kukusanya rejesho la kila siku kwa maelfu ya madereva kungehitaji jeshi la watu wa kuzunguka vijiweni jioni. Sasa fedha zinaingia zenyewe, na kompyuta inajua saa ngapi hazikuingia. Kifaa cha kufuatilia kilichofichwa ndani ya pikipiki kinajua ilipo. Kompyuta haijui kuhusu mvua.

Duka nalo limebadilika. Ukiingia kwa wakala wa pikipiki leo, swali la kwanza ni taslimu au mkopo, na ukijibu mkopo unaelekezwa meza ya pili, ambako mara nyingi huketi mtu wa kampuni ya kukopesha. Unaulizwa kianzio unacho kiasi gani, wadhamini ni nani, kijiwe chako kiko wapi. Bei utakayotajiwa kwa sauti ni ya siku au ya wiki. Jumla yake inabidi uikokotoe mwenyewe, na nakushauri uikokotoe hapohapo kabla ya kuweka sahihi, ukiongeza bima, usajili na ada ya kile kifaa cha kufuatilia. Muuzaji hana haraka na hesabu zako, kwa kuwa yeye analipwa bei yote na mkopeshaji na hatari ya kutolipwa imehama mezani kwake. Wakati mwingine haihami mbali sana. Car & General, kampuni iliyoanzia Nakuru mwaka 1936 na inayouza TVS, ina hisa pia katika Watu. Hakuna ubaya wa kisheria hapo, ila mteja anayedhani anasimama kati ya watu wawili wenye maslahi tofauti afahamu hilo.

Na kinga ya theluthi mbili? Ile sheria ya Kenya ya mwaka 1968 inahusu mikataba ya kukodi kwa hiari ya kununua. Mwaka 2017 nchi hiyo ilipitisha sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, inayomruhusu mkopeshaji kusajili haki yake juu ya pikipiki katika daftari la mtandaoni. Mkataba ukiandikwa kama mkopo wenye dhamana, pikipiki iwe ya dereva kwa jina na rehani kwa kampuni, Wilkinson na theluthi zake hawana nafasi. Kwa Tanzania, sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana chini ya leseni ya Benki Kuu. Kenya ilipanua mamlaka ya Benki Kuu yake juu ya wakopeshaji wa aina hiyo Desemba 2024. Sheria zote hizo mbili zinamwangalia zaidi mkopeshaji: ana leseni, anatoza vipi, anadai vipi. Swali la mtu aliyelipa miezi 16 kati ya 18 halijarudi kwenye meza ya bunge kwa uzito wa mwaka 1938.

Huenda halitarudi, kwa sababu pikipiki yenyewe inagawanyika. Kigali, kampuni ya Ampersand inauza pikipiki ya umeme bila betri. Dereva anaweza kuilipia pikipiki mpaka ikawa yake, lakini betri, ambayo bila hiyo pikipiki haisogei, inabaki ya kampuni, na anailipia kila anapoingia kituoni kubadilisha. Madereva wengi wanasema inawalipa kuliko petroli. Wale wanaoanza kazi sasa hawana namna ya kulinganisha: tangu Januari 2025, jiji hilo halisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria.